Tumbo Kujaa Kila Siku na Kushiba kwa Matonge Mawili: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Sababu

Swali hili hunifikia kutoka pwani ya Kenya, yaani Lamu, Shela, Faza, Malindi na Watamu, maneno yakibadilika kidogo tu: tumbo limejaa tangu mwezi uliopita, nikila matonge mawili nimeshiba, nimeshanunua dawa za alsa mara ya tatu, na hali ni ileile.

Wanaokwama hapa hawakwami kwa uzembe. Wanaingia kwa daktari na neno moja, gesi, na neno hilo lina dawa yake tayari. Dawa inatolewa, tumbo linatulia siku chache, kisha linajaa tena. Mtu anarudi dukani. Miezi inapita, na muda wote huo hakuna aliyelipima tumbo lenyewe.

Mwongozo huu una kazi moja: kukutoa kwenye kukisia na kukufikisha kwenye sababu inayojulikana. Hautakupa dawa. Utakupa namna ya kuandika, kupima, kueleza na kuuliza, ili anayekutibu awe na cha kushika.

## Wasiopaswa kusubiri hatua yoyote

Soma sehemu hii kwanza hata kama una haraka.

Nenda hospitali leo, usiku au mchana, ikiwa unatapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa. Ikiwa choo ni cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya. Ikiwa tumbo limekuwa gumu lenye maumivu makali, unatapika, na hupati choo wala hutoi upepo. Ikiwa macho yamegeuka manjano na una homa. Au ikiwa hedhi imechelewa na una maumivu makali chini ya tumbo pamoja na kizunguzungu. Hili la mwisho huenda likawa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo huua kwa saa, si kwa siku.

Nenda wiki hii, bila kufanya jaribio lolote la chakula, ikiwa unakonda bila kutaka, chakula kinakwama ukimeza, unatapika mara kwa mara, unashika uvimbe tumboni, unatoka jasho jingi usiku, au tumbo linakua huku mikono na mabega yakikonda. Vilevile mwanamke aliyekoma hedhi kisha akaona damu tena.

Na wewe mama uliyefika miaka 50 au zaidi, ambaye tumbo limeanza kujaa sasa na hukuwa na tabia hiyo ujanani, wewe pia uko kwenye kundi la wiki hii. Sababu ni saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya uzazi. Dalili zake kubwa ni nne, na zote zinaonekana ndogo: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya chini ya tumbo au nyonga, na kukojoa mara kwa mara au kwa kushikwa ghafla. Hakuna hata moja inayomtisha mtu, na ndiyo maana wengi hugunduliwa maradhi yakiwa yameshaenea. Kule Uingereza, mwongozo wa madaktari wa mwaka 2011 uliagiza kwamba mwanamke mwenye dalili hizi zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa aliyefika miaka 50, apimwe. Ule utumbo unaosumbuka bila ugonjwa wa kuonekana, ambao wengi huambiwa wanao, ni nadra kuanza kwa mara ya kwanza katika umri huo.

Naomba lieleweke vizuri: matumbo mengi yanayojaa hayana saratani. Lakini kujua kwamba huna ni kwa kupimwa, si kwa kutumaini.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu yafaa pia, mradi usiandike huku na kule.
- Utepe wa fundi cherehani, ule laini wenye sentimita.
- Mizani. Kama huna, tumia ya duka la dawa au ya zahanati, lakini iwe ileile kila mara.
- Sahani yako na kikombe chako mwenyewe. Sababu yake iko hatua ya kwanza.
- Mfuko mmoja wa kuwekea kila unachomeza: vidonge, chupa za dawa, mitishamba, majani, unga.
- Kitambulisho, na usajili uliokamilika wa SHA, bima ya afya ya serikali. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mwezi Oktoba 2024, kwa hiyo aliyekuwa na kadi ya zamani na hajajisajili upya afanye hivyo kwa kupiga *147# kabla hajaugua zaidi.
- Karatasi zote za hospitali za nyuma, hata zilizochanika.

## Hatua ya 1: Andika siku 14

Kila siku andika mambo sita: ulikula nini na saa ngapi, ulikula kiasi gani kabla ya kushiba, tumbo lilijaa saa ngapi na likapungua saa ngapi, ulipata choo au la, na kilikuwaje, ulikojoa mara ngapi usiku, na kama kulikuwa na maumivu, yalikuwa wapi. Mwenye hedhi aandike na siku zake, kwa sababu tumbo kujaa siku chache kabla ya damu na kutulia baadaye ni jambo la homoni, na daktari akiliona kwenye daftari hatapoteza muda nalo.

Hapa ndipo sahani yako inapoingia. Kwetu tunakula siniani. Wali umewekwa katikati, samaki juu yake, mikono mitano au sita imezunguka, na hakuna anayejua nani amekula kiasi gani. Mtu aweza kupunguza chakula chake nusu kwa miezi mitatu, akachezea matonge upande wake wa sinia, na si yeye wala watu wake wakatambua. Kwa wiki hizi mbili, jipakulie kwenye sahani kiasi ulichokuwa ukikimaliza mwaka jana, kisha angalia kinachobaki. Waeleze watu wa nyumbani kwamba unajipima, wasidhani umewasusia. Andika kwa lugha rahisi: nusu, robo, matonge matatu.

Jambo jingine la kutofautisha ni kushiba upesi na kukosa hamu. Mwenye kushiba upesi huanza kula akiwa na njaa ya kweli, kisha katikati anahisi kifua na tumbo vimejaa. Aliyekosa hamu hata hakitaki kile chakula, na pengine harufu ya samaki inamchefua. Ni dalili mbili tofauti zenye njia tofauti za kutafutwa, na wengi huzitaja kwa neno moja la "sili".

Kama ni Ramadhani, subiri ipite ikiwa huna dalili za hatari zilizotajwa juu. Tumbo lililokaa tupu kutwa kisha likapokea uji, tende, sambusa, mbaazi na viazi vya nazi kwa nusu saa litajaa tu, na daftari lako halitasema kitu. Mwenye dalili za hatari asisubiri mwezi mwandamo.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu bila kufikiri: katika siku 14, tumbo lilijaa siku ngapi? Siku sita au zaidi ni nyingi. Hesabu hiyo ndiyo daktari atakayoishika.

## Hatua ya 2: Pima kiuno asubuhi na usiku

Nikiambiwa nichague hatua moja tu katika mwongozo huu wote, nitachagua hii. Haina gharama, na inatenganisha gesi na maji au uvimbe kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Nguo zetu zinaficha tumbo. Dera halina kiuno. Kanga hufungwa upya kila mara kwa kadiri ya tumbo la siku hiyo, na kikoi ni vivyo hivyo. Anayevaa suruali huona kifungo kikikataa, lakini mama wa dera aweza kuongeza sentimita nyingi bila nguo yoyote kumwambia.

Pima hivi:

1. Amka, nenda haja ndogo, usile wala kunywa kwanza.
2. Simama wima, miguu imeachana kidogo.
3. Zungusha utepe usawa wa kitovu, ulale sawa mbele na nyuma. Mtu akikusaidia kuangalia mgongoni ni bora zaidi.
4. Toa pumzi kawaida, usilivute tumbo ndani. Soma namba, andika.
5. Rudia usiku kabla ya kulala, mahali palepale.

Sasa soma namba zako. Tumbo la gesi hupanda na kushuka: asubuhi ni dogo, usiku limeongezeka sentimita kadhaa, na asubuhi inayofuata limerudi lilipokuwa. Tumbo lenye maji, uvimbe, au kiungo kilichokua halirudi. Namba ya asubuhi yenyewe inapanda, wiki ya pili kuliko ya kwanza.

Ongeza vipimo viwili. Jipime uzito mara moja kwa wiki. Mtu wa kilo 60 aliyepoteza kilo 3 ndani ya miezi michache bila kutaka amepoteza sehemu ya 20 ya mwili wake, na hilo linatosha kumpeleka kwa daktari. Kisha bonyeza kwa kidole mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, uhesabu hadi kumi, uachie. Kikibaki kishimo, kuna maji yanayokusanyika, na daktari atataka kuangalia ini, figo na moyo.

Onyo: uzito kutopungua si uthibitisho wa afya. Maji yanayojaa tumboni yana uzito wake, na yaweza kuficha nyama inayoyeyuka mwilini. Tazama mikono na mashavu pia.

Kiuno cha asubuhi kikiongezeka kwa wiki mbili mfululizo, ruka hatua ya 4. Nenda moja kwa moja hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Mwaga mfuko mezani

Toa kila kitu ulichoweka kwenye ule mfuko na uandike jina, kiasi, na tangu lini.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hukwaruza utando wa tumbo, hasa zikimezwa kila siku kwa ajili ya magoti au mgongo. Vidonge vya kuongeza damu hufunga choo na kukifanya cheusi. Metfomini ya kisukari hujaza tumbo kwa baadhi ya watu. Usiache mwenyewe dawa uliyoandikiwa ya kisukari, presha, moyo au virusi vya ukimwi. Iandike tu, uiulizie.

Mwenye kisukari cha miaka mingi asome hapa kwa makini. Sukari iliyokuwa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu inayosukuma chakula, tumbo likawa linamwaga polepole mno. Dalili yake kubwa ni hii hii ya kushiba kwa matonge machache, pengine na kutapika chakula cha saa nyingi nyuma. Dawa za alsa hazitibu hilo.

Mitishamba nayo ina sehemu yake. Sanamaki na shubiri hutumiwa sana pwani kusafisha tumbo. Sanamaki mara moja moja kwa aliyefunga choo si neno. Kila juma kwa miezi ni jambo jingine: utaharisha, chumvi za mwili zitapungua, na maumivu ya msokoto yatakuchanganya wewe na daktari. Tangawizi, uzile na mvuje vinaweza kukupa nafuu ya gesi, wala sikuzuii, lakini uandike siku ulizotumia.

Mugoka na miraa: sema ukweli wote. Hukata hamu ya kula, huchelewesha tumbo kumwaga chakula na hufunga choo. Kijana anayetafuna kila jioni na kulalamika kwamba hashiki tonge la tatu anayo sababu moja ya kuanzia, ingawa huenda si peke yake.

Halafu metronidazoli. Watu huinunua kwa kila tumbo linalonguruma. Inatibu vijidudu vya tumbo viitwavyo amiba na jiadia ikitolewa kwa kipimo sahihi na siku sahihi. Vidonge vitatu leo na vinne mwezi ujao havitibu kitu.

## Hatua ya 4: Jaribio la chakula

Hatua hii ni ya mtu asiye na dalili za hatari, aliye chini ya miaka 50, ambaye kiuno chake cha asubuhi hakipandi. Wengine wapite.

Ondoa kitu kimoja kwa siku saba, kisha kirudishe. Kimoja tu. Anayeacha maziwa, maharage, ngano na pilipili siku moja hatajua kamwe ni kipi kilichomsumbua, na ataishia kula wali mkavu bila sababu.

Anza na maziwa, kwa sababu watu wazima wengi wa Afrika hawana tena uwezo mkubwa wa kusaga sukari ya maziwa, na sisi chai ya maziwa tunainywa asubuhi na jioni. Kunywa ya rangi wiki nzima. Baadaye jaribu mbaazi na maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya ndipo utie tui. Wiki nyingine acha soda. Kisha vitunguu vingi na kachumbari, halafu mahamri, mkate na vingine vya ngano. Msimu wa maembe, pima na embe.

Pamoja na hayo kula polepole, gawanya chakula mara nne au tano kidogo kidogo, na usilale papo hapo baada ya chakula cha usiku. Tembea hadi ufukoni urudi.

Aliyefunga choo atibu choo kwanza. Tumbo lililojaa kinyesi hujaa gesi na hukataa chakula, na hakuna chakula utakachokiondoa kikabadili hilo. Maji, mboga, papai na kutembea kwa wiki moja vitakuonyesha.

Umefaulu ikiwa kiuno cha usiku kinashuka ukiondoa kitu na kinapanda ukikirudisha. Bila hilo la pili bado ni kukisia. Wiki tatu zikipita bila badiliko, acha jaribio, endelea mbele.

## Hatua ya 5: Ingia kwa daktari na sentensi iliyokamilika

Hapa wengi huharibu kazi yote. Mama ana daftari limejaa, anaingia, anaulizwa, "Shida ni nini, mama?" anajibu, "Gesi, daktari." Basi.

Usitaje gesi. Usitaje alsa. Usiseme chango, hata kama nyumbani wote wamekubaliana ni chango. Hayo ni majina ya ugonjwa, na kutaja ugonjwa ni kazi ya mwisho. Wewe taja unachokiona. Andika sentensi yako nyuma ya daftari na uisome ikibidi:

"Daktari, tumbo langu limejaa siku 11 kati ya siku 14. Nakula nusu ya chakula changu cha zamani, nashiba kabla njaa haijaisha. Kiuno cha asubuhi kimeongezeka sentimita tatu kwa wiki mbili. Nakojoa mara nne usiku. Nimemeza dawa za asidi mara tatu, sijapata nafuu. Nina miaka 54, na dada yangu alikuwa na saratani ya matiti. Ningependa tujue sababu."

Hilo la ukoo lina uzito wake. Saratani ya matiti au ya ovari kwa mama, dada au khaloo (dada wa mama) huongeza uwezekano wa ya ovari. Wengi hulificha kwa kuona ni aibu ya nyumba, na mficha maradhi kifo humuumbua. Lisemwe.

Kisha omba kuguswa. "Daktari, naomba unipapase tumbo." Tumbo ambalo halijapapaswa ukiwa umelala kitandani halijachunguzwa. Mwanamke anayetaka kuchunguzwa na mwanamke mwenzake aombe hilo mapema, kwenye dirisha la usajili, na aje na mtu wa kumsindikiza.

Ukiambiwa tena ni alsa, jibu kwa upole: "Sawa daktari. Nisipopata nafuu kwa wiki nne, kipimo kitakachofuata ni kipi?" Omba akiandike kwenye karatasi yako. Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na linafunga mlango wa kurudishiwa dawa ileile mara ya nne.

## Hatua ya 6: Vipimo, na namna ya kutoviharibu

Hutahitaji vyote. Daktari atachagua kulingana na daftari lako. Lakini ujue kila kimoja kinaona nini na hakioni nini, kwa sababu watu hupoteza nauli kwa kuja bila maandalizi.

Damu, mkojo na choo. Wingi wa damu, sukari, ini, figo, homa ya ini aina ya B, na virusi vya ukimwi. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba kabla ya kitu chochote, bila kuona haya. Kikohozi, jasho la usiku na tumbo lenye maji humfanya daktari afikirie kifua kikuu, ambacho hushika tumbo pia.

Kichocho. Kile cha mito ya Sabaki na Tana hushika zaidi kibofu na kutoa damu kwenye mkojo. Mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio unaoonyesha mayai vizuri. Kile kinachovimbisha ini na wengu hupatikana zaidi Mwea na ukanda wa Ziwa Victoria. Kama uliwahi kuishi huko ukiingia majini, sema, upimwe choo.

H. pylori. Bakteria huyu ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya kweli vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Omba kipimo cha choo. Kile cha tone la damu huonyesha kinga tu, na kinga hubaki hata bakteria akiwa ameondoka zamani, kwa hiyo mtu aliyepona huambiwa bado anaugua. Kabla ya kipimo cha choo, acha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na dawa za jamii yake wiki mbili, na uwe hujameza antibiotiki kwa wiki nne, la sivyo utaambiwa huna ilhali unaye. Kama omeprazoli uliandikiwa kwa sababu ya kidonda kilichotoka damu, uliza kabla ya kuiacha.

Jambo jingine: bakteria huyu yuko kwa watu wengi sana. Kuonekana kwake hakufuti sababu nyingine. Mama wa miaka 58 mwenye H. pylori bado anahitaji picha.

Ultrasaundi. Hii ndiyo picha ya kuomba mapema, nayo iwe ya tumbo na nyonga pamoja. Ya tumbo huangalia ini, nyongo, figo, wengu na maji. Ya nyonga huangalia kizazi na ovari. Wengi hupigwa ya tumbo peke yake, wakaambiwa uko sawa, na ovari hazikutazamwa. Kwa ya tumbo, kaa bila kula kwa muda wa saa sita hadi nane. Kwa ya nyonga inayopigwa juu ya tumbo, kunywa maji ya kutosha saa moja kabla, usiende haja ndogo. Ukiwa na zote mbili: njaa, lakini kibofu kimejaa. Kabla ya kupanda boti kutoka Faza au Kizingitini, piga simu uulize kama mashine inafanya kazi na mpiga picha yupo siku hiyo.

CA-125. Ni kipimo cha damu kinachotumika pamoja na ultrasaundi pale saratani ya ovari inapohofiwa. Kuanzia 35 huhesabiwa kuwa juu. Lakini uvimbe wa kizazi, hedhi, mimba, maradhi ya ini na kifua kikuu cha tumbo vyote huweza kukipandisha, na saratani changa yaweza isikipandishe kabisa. Usikinunue peke yake maabara ukalala ukilia kwa namba. Na ujue kwamba kile kipimo cha mlango wa kizazi ambacho wanawake hufanyiwa kliniki hakiioni saratani ya ovari.

Endoskopi, kumulikwa tumbo kwa kamera. Ultrasaundi haioni vizuri ndani ya tumbo la chakula. Kwa hiyo ikiwa picha imetoka safi na bado unashiba upesi, unakonda, unatapika au chakula kinakwama, kamera ndiyo inayofuata. Usile kwa muda wa saa sita hadi nane kabla, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani ukichomwa dawa ya usingizi.

## Hatua ya 7: Ukiandikiwa dawa, weka na mwisho wake

Omeprazoli humezwa nusu saa kabla ya kula, asubuhi. Wanaoimeza baada ya chai wanapunguza nguvu yake, kisha wanasema haifanyi kazi.

Tiba ya H. pylori kwa kawaida ni antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Mdomo huwa mchungu na choo hulegea. Maliza. Ukiacha siku ya sita, huenda ukabaki na bakteria sugu. Rudia kipimo cha choo angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na wiki mbili baada ya omeprazoli.

Daftari liendelee. Wiki nne zikipita na siku za kujaa hazijapungua, rudi ulikotibiwa, si dukani.

## Hatua ya 8: Rufaa ya Malindi au Mombasa

Kutoka Hospitali ya King Fahd ya Lamu, rufaa ya tumbo huweza kukuvusha Mokowe hadi Malindi, Kilifi au Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko Mombasa. Barua ya rufaa iandikwe kinachotafutwa, si "maumivu ya tumbo" peke yake. Piga picha karatasi zote kwa simu, umtumie na mwanao au mtu mmoja unayemwamini. Karatasi hulowa botini na husahaulika garini. Kama kipimo kinataka njaa, panga ulale Mombasa usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Ikiwa picha imeonyesha uvimbe kwenye ovari wenye kutiliwa shaka, uliza swali moja kabla ya kukubali kisu: "Atakayenipasua ni bingwa wa saratani za wanawake?" Upasuaji wa kwanza ndio wenye uzito, na wanaofanyiwa na mabingwa hao huishi zaidi. Inafaa kusubiri siku chache na kuongeza nauli kwa ajili ya hilo.

## Hatua ya 9: Vipimo vyote vikitoka safi

Hutokea, na mara nyingi. Kuna tumbo linalouma na kujaa bila kidonda wala uvimbe, kwa sababu mishipa yake imekuwa na hisia kali au linajongea polepole. Maradhi hayo ni ya kweli, hujayabuni, na yana tiba: milo midogo, mafuta machache, kulala vizuri, na dawa ambazo daktari huzijaribu moja baada ya nyingine.

Omba nakala za majibu yote na uziweke pamoja na daftari. Pima kiuno cha asubuhi mara moja kwa wiki, siku ileile, na uzito mara moja kwa mwezi. Majibu safi ya mwezi Machi hayasemi kitu kuhusu mwezi Agosti: siku za kujaa zikiongezeka, kiuno cha asubuhi kikipanda, au ukiongeza dalili mpya, unarudi na kupimwa upya, na unasema wazi kwamba hali imebadilika tangu picha ya mwisho. Andika tarehe ya kurudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa, na umwonyeshe mtu mwingine wa nyumbani ilipo.